Kupanda treni za kazini Japani: tuifuate njia ya Toyoko, Shibuya hadi Yokohama

Njia ya Toyoko ina urefu wa kilomita 24.2 na vituo 21, kutoka Shibuya, Tokyo, mpaka Yokohama. Kwa ukubwa wa reli za Japani hiyo ni njia ndogo tu. Lakini ukiielewa hii moja utakuwa umeelewa nyingine nyingi: Hankyu kule Osaka, Meitetsu kule Nagoya, Keio na Odakyu upande wa magharibi wa Tokyo, zote zinaendeshwa kwa mantiki inayofanana. Ndiyo maana mwongozo huu unashika njia moja na kuifuata, badala ya kukutupia ramani ya reli za Tokyo nzima, ambayo ukiitazama mara ya kwanza kichwa kitakuuma bure.

Nawaandikia wanaokwenda kukaa huko, mwanafunzi aliyepata ufadhili, aliyepata ajira, aliyemfuata mwenzi wake, na hata mgeni wa wiki mbili asiyetaka kumalizia hela zake kwenye teksi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kwenye njia hizi treni haitembei peke yake. Ratiba imesukwa kwa makutano: treni ya polepole na treni ya haraka zipangiwe kukutana kituo fulani, dakika fulani, pande mbili za jukwaa moja, abiria wahame, kisha zote ziondoke. Anayeng'ang'ania treni moja tangu mwanzo hadi mwisho atafika, lakini aliyeondoka nyuma yake huenda akamtangulia.

Hatua ya 1: Pata kadi, weka salio

Nunua kadi ya Suica au PASMO. Suica ilianza mwaka 2001 na PASMO mwaka 2007, na tangu Machi 2013 kadi kumi za mikoa mbalimbali zinakubaliana, kwa hiyo ukiwa na ICOCA uliyoinunua Osaka huna haja ya kununua nyingine. Kwa kadi ya kawaida utaacha amana ya yeni 500, na salio halizidi yeni 20,000. Beba noti, kwa sababu mashine nyingi za kuongezea salio zinataka pesa taslimu.

Getini unaigusisha kadi unapoingia na unapotoka. Kadi moja ni ya mtu mmoja; usijaribu kumpitishia mwenzako kwa kadi yako, kwani kadi ikishasomwa kuwa imeingia, haiwezi kuingia tena. Ukifika mwisho wa safari na salio likawa halitoshi, geti litajifunga mbele yako na kulia. Usibabaike. Rudi nyuma hatua chache, tafuta mashine ya kulipia upungufu iliyo ndani ya geti, ongeza salio, toka. Wenyeji nao hufungiwa kila siku.

Kutoka Shibuya hadi Yokohama kwa Toyoko, nauli iliyoanza kutumika Machi 2023 ni yeni 309 kwa kadi na 310 kwa tiketi ya karatasi. JR, zilizokuwa reli za taifa, nazo zina treni za kutoka Shibuya hadi Yokohama, na nauli yake iko juu zaidi. Angalia basi unaingia geti la nani: Shibuya ni kituo cha kampuni kadhaa zilizobebana, na kila moja inahesabu nauli yake.

Ukishapata kazi au shule, nunua pasi ya muda, teikiken, ya mwezi mmoja, mitatu au sita. Inaandikwa vituo viwili, cha nyumbani na cha kazini, na katikati yake unashuka na kupanda utakavyo bila kulipa tena. Waajiri wengi hulipia pasi hiyo, na posho ya usafiri haikatwi kodi hadi yeni 150,000 kwa mwezi. Kwa hiyo usikimbilie kuinunua kwa hela yako kabla ya kuuliza ofisini. Na ukitafuta nyumba, tafuta ambayo njia ya pasi yako inapita kituo kikubwa unachokipenda. Wikiendi zako utakwenda huko bure.

Hatua ya 2: Jua reli ni ya nani

Toyoko ni mali ya Tokyu, kampuni binafsi. Haina undugu na JR, zile kampuni zilizozaliwa tarehe 1 Aprili 1987 shirika la reli la taifa lilipogawanywa. Unaweza kujiuliza abiria inamhusu nini mambo ya umiliki. Yanamhusu, kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini treni zinajaa upande gani, saa ngapi.

Mfumo huu wa biashara alianza nao Kobayashi Ichizo huko Osaka. Reli yake, ambayo baadaye ikawa Hankyu, ilifunguliwa mwaka 1910 ikipita mashambani, na mwaka huohuo akaanza kuuza nyumba kandokando yake kwa malipo ya awamu. Mwaka 1929 akafungua duka kubwa palepale mwisho wa reli, Umeda. Yaani anakuuzia nyumba, anakuuzia tiketi, na ukishuka mjini anakuuzia shati. Huko Tokyo, Goto Keita wa Tokyu alifuata nyayo hizo. Viwanja vya Den-en-chofu vilianza kuuzwa mwaka 1923, na duka la Shibuya likafunguliwa mwaka 1934.

Lakini ujanja ninaoupenda zaidi ni wa Hiyoshi. Kampuni ilikipa Chuo Kikuu cha Keio ardhi bure, na wanafunzi wakaanza kusoma hapo mwaka 1934. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Asubuhi wafanyakazi wanamiminika kuelekea Shibuya, na treni hizohizo lazima zirudi Yokohama zikiwa tupu. Wanafunzi wakitoka mjini kwenda Hiyoshi saa hizohizo, viti vilivyokuwa vinarudi bure vinaleta nauli, na hakuna treni hata moja iliyoongezwa. Hesabu hiyo inafanya kazi hadi leo, na wewe unaweza kuitumia: ukipata nyumba mjini na kazi pembeni ya mji, utasafiri kinyume na umati.

Tahadhari moja inayotokana na historia hiyohiyo. Kuna vituo viwili vinavyoitwa Gakugei-daigaku na Toritsu-daigaku, na daigaku ni chuo kikuu. Vyuo vyenyewe vilishahama, cha kwanza mwaka 1964 na cha pili mwaka 1991. Mwaka 1999 wakazi waliulizwa kama majina yabadilishwe, lakini yakabaki yaleyale. Usishuke hapo na barua yako ya kujiunga mkononi.

Hatua ya 3: Soma aina ya treni kabla ya kusoma inakokwenda

Kwenye daladala au matatu, utingo atakuitia njia yote mpaka uchoke. Jukwaani Shibuya hakuna wa kukuitia. Kuna ubao wa umeme, nao unakupa mambo manne kwa mstari: aina ya treni, saa ya kuondoka, mwisho wa safari, na idadi ya mabehewa. Wageni wengi hukimbilia mwisho wa safari. Anza na aina.

Kwenye Toyoko utaziona hizi. Ya kwanza ni kakutei, 各停, inayosimama vituo vyote 21. Kyuko, 急行, inasimama vituo 11: Shibuya, Naka-meguro, Gakugei-daigaku, Jiyugaoka, Den-en-chofu, Tamagawa, Musashi-kosugi, Hiyoshi, Tsunashima, Kikuna na Yokohama. Tokkyu, 特急, inasimama sita tu: Shibuya, Naka-meguro, Jiyugaoka, Musashi-kosugi, Kikuna, Yokohama. Kisha kuna tsukin tokkyu, 通勤特急, ya saa za kwenda na kutoka kazini, ambayo ni tokkyu iliyoongezewa kituo cha Hiyoshi. Tokkyu inafika Yokohama kwa chini ya nusu saa mchana. Kakutei inachukua dakika arobaini na kitu.

Nauli ya zote ni ileile. Hapa pana mtego kwa anayetoka njia nyingine: neno tokkyu halina maana moja Japani nzima. Kwenye Toyoko, Hankyu na Keio, tokkyu unapanda kwa nauli ya kawaida. Kwenye JR, tokkyu inadai malipo ya ziada na tiketi yake. Odakyu nao wana treni yao ya fahari, Romancecar, yenye viti vya kulipia. Kipimo rahisi: ukiona treni ina viti vinavyotazama mbele, tofauti na vile vinavyokaa ubavuni kwa ubavuni, uliza kabla ya kukaa.

Jifunze herufi ya mwanzo ya kila jina, 各, 急, 特 na 通, kwa macho tu, kama unavyojifunza sura ya mtu. Ubao hubadilika kati ya Kijapani na Kiingereza kila baada ya sekunde chache, na hakuna kitu kinachokera kama kusubiri ubao urudi kwenye lugha unayoijua huku milango inajifunga.

Hatua ya 4: Hamia treni nyingine katikati ya safari

Hii ndiyo hatua inayotenganisha mwenyeji na mgeni.

Reli za Toyoko kwa sehemu kubwa ni mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Treni ya haraka haiwezi kuipita ya polepole popote inapotaka. Lazima ya polepole iingie pembeni isubiri. Mahali pa kupishana ni pachache: Yutenji, Jiyugaoka, Motosumiyoshi na Kikuna. Yutenji na Motosumiyoshi ni mahali pa kupitwa tu: kakutei inasubiri, treni ya haraka inapita bila kusimama, na wewe huna la kufanya ila kuitazama. Lakini Jiyugaoka na Kikuna treni zote mbili husimama, jukwaa moja, milango ikielekeana. Unavuka hatua tano au sita.

Chukua mfano. Unatoka Shibuya unakwenda Hakuraku, kituo kidogo ambacho tokkyu wala kyuko haisimami. Mgeni atasubiri kakutei kwa sababu ndiyo pekee inayosimama huko. Mwenyeji atapanda tokkyu iliyo mbele yake, atashuka Kikuna, na mara nyingi atakuta kakutei imesimama ng'ambo ya jukwaa inamngoja. Kakutei hiyo iliondoka Shibuya mapema kuliko yeye. Kinyume chake pia ni kweli: ukitoka Yutenji kwenda Yokohama, panda kakutei mpaka Jiyugaoka, kisha vuka uingie tokkyu.

Tangazo ndani ya treni litakuambia kama kuna kupishana kituo kinachofuata, na skrini iliyo juu ya mlango huonyesha. Simu nayo itakupangia, ukiweka kituo cha kuanzia na cha kushukia kwenye programu ya ramani. Inapokuambia ushuke Kikuna kwa dakika moja, iamini. Dakika moja hapo inatosha kabisa, kwa sababu makutano hayo yalipangwa na mtu aliyekaa na rula. Ratiba ya treni Japani huchorwa kwenye karatasi yenye saa upande mmoja na vituo upande mwingine, kila treni ikiwa mstari mmoja wa mshazari. Pale mstari mkali unapoupita mstari wa taratibu, ndipo pa kupishana. Mafundi wa kazi hiyo wanauita mchoro huo daiya, na abiria nao wamelichukua neno hilo: treni zikivurugika, watu husema daiya imevurugika.

Hatua ya 5: Sasa soma mwisho wa safari, na uwe makini Hiyoshi

Treni utakayoipanda Shibuya huenda haikuanzia Shibuya. Tangu tarehe 16 Machi 2013, Toyoko imeunganishwa na njia ya Fukutoshin ya Tokyo Metro, kampuni ya reli za chini ya ardhi, na kupitia hiyo na reli za Seibu na Tobu upande wa kaskazini. Kusini inaendelea ndani ya njia ya Minatomirai hadi Motomachi-Chukagai. Tarehe 18 Machi 2023 likaongezwa tawi la Hiyoshi linalokwenda Shin-Yokohama na kuingia kwenye reli za Sotetsu. Kwa hiyo treni za kampuni sita, za rangi na umbo tofauti, zinapita kwenye reli moja, na abiria wa mkoa wa Saitama anaweza kukaa kiti kimoja mpaka ufukwe wa Yokohama. Mtindo huu wa reli ya chini ya ardhi kupokea treni za kampuni nyingine ulianza Tokyo mwaka 1960, kati ya njia ya Asakusa na Keisei.

Kampuni hazilipani kwa kila behewa linaloingia kwa jirani. Zinahesabu kilomita ambazo mabehewa ya kila moja yametembea kwenye reli za mwenzake, kisha zinapanga safari ili deni la huyu lifute deni la yule. Ukiona treni ya Seibu imebeba watu wa Yokohama ambao hawajawahi kufika Seibu, huenda inalipa deni. Nauli yako, hata hivyo, haifutwi na mtu: ukipita reli za kampuni tatu umelipa nauli za kampuni tatu, hata kama hukunyanyuka kitini.

Mtego mkubwa wa tawi jipya ni huu. Yokohama na Shin-Yokohama ni vituo viwili tofauti, kimoja mbali na kingine. Treni za risasi, shinkansen, zinasimama Shin-Yokohama tu. Treni ya kyuko iliyoandikwa Shin-Yokohama, Shonandai au kituo kingine cha Sotetsu itakata kona Hiyoshi na haitafika Yokohama kamwe. Ukigundua umepotea ukiwa bado hujafika Hiyoshi, shuka Hiyoshi usubiri inayofuata. Ukigundua baada ya hapo, kuna kituo kimoja tu katikati, Shin-tsunashima.

Jambo jingine la kushangaza kidogo: treni hubadilika aina njiani. Treni moja inaweza kuwa kaisoku kyuko kwenye reli za Seibu, ikawa kyuko chini ya ardhi, na ikifika Shibuya ikageuka tokkyu. Hakuna kosa lililotokea. Kila kampuni ina orodha yake ya vituo. Wakati huohuo Shibuya wafanyakazi nao wanabadilishana. Dereva wa Metro anashuka, wa Tokyu anapanda, wanasalimiana kwa kupiga saluti, kabla treni haijaondoka. Ukisimama mwisho wa jukwaa utaona dereva akinyoosha kidole kwenye taa na kuitaja kwa sauti, ingawa yuko peke yake. Mtoto wako atacheka. Lakini jaribio la taasisi ya utafiti wa reli ya Japani la mwaka 1994 lilionyesha kuwa kunyoosha kidole na kutamka kwa pamoja hupunguza makosa kwa karibu asilimia 85.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini wanahangaika na sekunde. Treni ikichelewa dakika mbili Saitama, makutano ya Kikuna yanaharibika, na abiria wa Hakuraku ambaye hajui hata Saitama iko wapi anaikosa treni yake ya ng'ambo ya jukwaa.

Hatua ya 6: Simama mahali pako jukwaani

Kuna treni za mabehewa 8 na za mabehewa 10. Kakutei ni za 8, kwa sababu vituo vidogo havina jukwaa la kutosha kumi. Nyingi za haraka ni za 10. Ubao unakuambia idadi, na sakafuni kumeandikwa mahali pa kusimama kwa kila aina. Ukisimama kwenye alama ya kumi na treni ya nane ikaja, utakimbia, na geti dogo la usalama la ukingoni halikusubiri.

Foleni ni ya watu wawili au watatu kwa upana, kando ya mlango, ili wanaoshuka wapite katikati. Baadhi ya treni zinaanzia Shibuya zikiwa tupu, na watu huziachia mbili tatu zilizojaa ili wapate kiti kwenye hiyo. Kama una safari ndefu na mzigo, fanya hivyohivyo, ila hakikisha umeingia kwenye foleni ya treni unayoitaka.

Asubuhi za siku za kazi kuna behewa la wanawake peke yao, lenye alama ya waridi sakafuni na dirishani. Watoto wadogo, watu wenye ulemavu na wasaidizi wao wanaruhusiwa pia. Baba, kabla hujajitupa ndani ya behewa lenye nafasi, tazama chini.

Sasa kuhusu msongamano, maana ndio watu wanaouliza zaidi. Wizara ya usafiri hupima kwa asilimia, na kwa miaka mingi vipimo vyake vimeelezwa kwa magazeti. Asilimia 100 ni kila mtu ana kiti, kishikio au nguzo. Asilimia 150 unaweza kufungua gazeti na kulisoma. Asilimia 180 utalisoma ukilikunja. Asilimia 200 miili inagusana na kubanana, ila jarida dogo unaweza kulisoma kwa shida. Asilimia 250 huwezi hata kusogeza mkono. Wastani wa njia kuu za Tokyo ulikuwa asilimia 221 mwaka 1975, ukashuka hadi 163 mwaka 2019, ukaanguka hadi 107 wakati wa korona mwaka 2020, na mwaka 2023 ulikuwa 136. Wale wafanyakazi wenye glavu nyeupe wanaosukuma watu ndani, ambao walianza Shinjuku mwaka 1955 na ambao kila mtu ameona video zao, ni nadra kukutana nao siku hizi.

Toyoko hujaa zaidi kati ya Yutenji na Naka-meguro, karibu saa 2 asubuhi. Naka-meguro wengi huvuka jukwaa kwenda njia ya Hibiya, na ghafla unapata hewa. Ukiweza kufika mapema au kuchelewa kwa nusu saa, fanya hivyo. Ukishindwa, panda behewa la mbali na ngazi za vituo vikubwa. Umati hujikusanya penye ngazi.

Hatua ya 7: Ndani

Simu iwe kimya, na usiongee nayo. Mkoba wa mgongoni uvae kifuani au uweke juu. Ukiwa umesimama mlangoni na kituo kikafika, shuka nje, simama pembeni, waache watoke, kisha rudi. Hakuna atakayekuchukulia nafasi. Kwenye ngazi za umeme, Tokyo wanasimama kushoto na Osaka kulia.

Ukisikia muziki mfupi jukwaani, milango inakaribia kufungwa. Usikimbie. Treni inayofuata ipo baada ya dakika chache, na mlango uliokubana ukafunguliwa tena umeshaichelewesha treni yako na zilizo nyuma yake.

Hatua ya 8: Siku daiya inapovurugika

Treni za Japani huchelewa. Hujatanganywa kuhusu usahihi wao, lakini kuna kimbunga, kuna tetemeko, kuna kitu kilichosahaulika relini, na kuna jinshin jiko, ajali iliyompata mtu, maneno ambayo utayasoma ubaoni mara nyingi kuliko ungependa.

Kuna aina ya ucheleweshaji itakayokushangaza: treni yako imesimama kituoni, milango wazi, na tangazo linasema inarekebisha nafasi. Iliyo mbele imechelewa, na iliyochelewa hukuta watu wengi zaidi kila kituo, kwa hiyo inazidi kuchelewa. Wanaizuia yako ili mwanya usiwe mkubwa sana nyuma na mdogo sana mbele.

Ukichelewa kazini, chukua hati ya ucheleweshaji getini au kwenye tovuti ya kampuni ya reli. Hutolewa treni zinapochelewa dakika tano na kuendelea, na ofisi na shule huzikubali.

Njia ikisimama kabisa, kampuni hutangaza furikae, yaani abiria wapite njia za kampuni nyingine bila kulipa zaidi. Wengi huumia hapa. Furikae ni ya mwenye pasi ya muda, kwa safari iliyomo ndani ya pasi yake, au mwenye tiketi aliyokwisha kuinunua. Aliyeingia kwa salio la kadi hahesabiki, kwa sababu hajalipa chochote mpaka atoke. Kadi yako ikiwa na salio tu, utalipa nauli kamili ya njia ya pili, basi pima kama ni bora kusubiri.

Kwa tetemeko, simu za watu wote zitalia na treni itasimama. Kaa ndani, shika kishikio, usifungue mlango kwa mkono. Reli ya pili huenda ina treni, na huko chini hakuna njia ya miguu.

Hatua ya 9: Treni ya mwisho

Hakuna treni za usiku kucha. Za mwisho hupita karibu na saa 6 na nusu usiku, na za kwanza huanza kama saa 11 alfajiri. Machi 2021 kampuni nyingi za Tokyo zilizisogeza safari za mwisho ziwe mapema zaidi, JR Mashariki kwa takriban nusu saa, ili mafundi wapate muda mrefu zaidi relini. Muda huo ni wa thamani kuliko unavyodhani. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2013, Toyoko ilipohamishwa kutoka jukwaa la juu la Shibuya kwenda chini ya ardhi, wafanyakazi wapatao 1,200 walibadilisha reli karibu na kituo cha Daikanyama kati ya treni ya mwisho na ya kwanza. Asubuhi abiria waliteremka chini kama vile reli ilikuwa huko siku zote.

Ukitazama ratiba, kumbuka mambo mawili. Kuna ratiba ya siku za kazi na ya Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Na siku ya treni haiishi saa sita usiku. Treni ya saa 0:15 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi iko kwenye ratiba ya Ijumaa, mstari wa chini kabisa.

Kisha tazama mwisho wa safari kwa makini kuliko wakati wowote wa mchana, kwa sababu usiku treni zinarudi kulala. Nyingi za mwisho hazifiki Yokohama. Zinakomea Kikuna, Musashi-kosugi, au Motosumiyoshi, ambako ndiko kwenye karakana. Ukishushwa Motosumiyoshi na nyumbani ni Hakuraku, kilichobaki ni teksi, nayo usiku nauli yake hupanda kwa asilimia 20. Kabla ya kukaa na rafiki zako Shibuya, tafuta kwenye simu treni ya mwisho inayofika kituo chako, siyo ya mwisho inayoondoka Shibuya, na uweke kengele ya dakika 20 kabla yake. Jukwaa la Toyoko liko ghorofa ya tano chini ya ardhi, na kuteremka huko kunachukua muda.